Desturi ndogo kwa mtu asiye na chumba cha peke yake

Swali: «Nina duka la vitenge Kadutu. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nawasha makala (mkaa wa kupikia), natayarisha watoto wanne, kisha ni duka mpaka giza. Usiku nikilala, kichwa bado kinahesabu madeni. Kila mahali nasoma kwamba mtu awe na desturi zake ndogo za kila siku: saa nzima ya utulivu asubuhi, kahawa, kitabu, kuandika. Nimejaribu mara tatu, na kila mara imenishinda kabla ya wiki kuisha. Umeme wetu hauna ratiba na sina chumba cha peke yangu. Je, haya ni mambo ya wenye nafasi? Tena mama mkwe wangu anasema ni ushirikina.» Mama wa watoto wanne, Bukavu

Mama, kilichokushinda hapo si desturi ndogo. Saa nzima ya utulivu kila asubuhi, kwa mtu anayewasha makala mwenyewe na kuvalisha watoto wanne, ni kazi ya pili isiyo na mshahara. Ingemshinda yeyote. Na hata ungeiweza, ungeilipia kwa usingizi: mtu mzima anahitaji kulala saa saba au zaidi, na wewe tayari unaamka saa kumi na moja. Kumwambia mama wa soko aamke saa kumi ili «apate muda wake» ni ushauri mbaya, hata ukipambwa kwa maneno matamu.

Desturi ndogo inayofaa huchukua dakika moja hadi kumi. Ina mwanzo na mwisho unaojulikana, hufuata mpangilio uleule kila mara, na haidai kitu cha kununua. Kazi yake kubwa katika maisha kama yako ni kuikata siku vipande. Umesema ukiwa kitandani kichwa kinahesabu madeni. Sitashangaa nikisikia kwamba ukiwa dukani kinawaza watoto. Mwili umeshafika nyumbani, akili imebaki Kadutu. Kitendo kidogo kinachorudiwa pale mpakani, duka linapoisha na nyumba inapoanza, huizoeza akili kujua kwamba sasa tumevuka.

Lakini kitendo hicho lazima kishikizwe kwenye jambo jingine, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanakishikiza kwenye saa: «kila siku saa moja jioni». Mjini mwako saa moja jioni mvua inaweza kuwa imekufungia sokoni, motari, yule wa pikipiki ya abiria, amekwama matopeni, au umeme umerudi na kila mtu anakimbilia kupiga pasi. Usitegemee saa, umeme, wala simu. Tegemea jambo ambalo lazima litokee hata siku ikienda kombo: kufuli kufungwa, viatu kuvuliwa, maji kuchemka, giza kuingia. Bukavu iko chini kidogo ya ikweta, kwa hiyo jua linachomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, likibadilika kwa kama nusu saa tu. Mwanga wa mlangoni ni saa nzuri kuliko ya simu.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, katika andiko lake la 1999, alionyesha kwamba mtu anayepanga kwa namna ya «likitokea hili, nitafanya lile» hutimiza azma yake mara nyingi zaidi kuliko anayesema tu «nataka kufanya». Kwa hiyo andika sentensi yako hivi: «Nikishafunga kufuli, nitafanya hili.» Jambo moja tu la kushikizia, na kitendo kimoja tu.

Kisha ipime kwa siku mbaya. Mvua imenyesha tangu mchana, mtoto wa tatu ana homa, bidoni zote za maji ni tupu, mteja mkubwa hajalipa. Siku hiyo ungeweza kuifanya? Kama jibu ni hapana, desturi hiyo bado ni kubwa. Ipunguze nusu, na ikibidi nusu tena.

Kuhusu ushirikina, mama mkwe wako ana sababu ya kuuliza, kwa kuwa mpaka wenyewe ni mwembamba. Mwaka 2014 watafiti Michael Norton na Francesca Gino walieleza jaribio ambamo watu waliambiwa kwamba mmoja wao atashinda dola 200. Mshindi aliondoka na pesa zake, waliobaki wakasikia uchungu wa kuzikosa. Baadhi ya waliobaki walipewa desturi iliyobuniwa hapohapo, isiyo ya dini yoyote: chora unavyojisikia, nyunyiza chumvi kidogo juu ya mchoro, chana karatasi, hesabu kimoyomoyo hadi kumi mara tano. Waliofanya hivyo walipungukiwa na uchungu kuliko wasiofanya, hata wale waliosema hawaamini mambo ya aina hiyo. Chumvi haikuwa na uwezo wowote. Kilichosaidia ni mtu kujiona ameshika tena usukani baada ya jambo lililompokonya.

Mfano uko karibu nawe pia. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, huimba wakipiga kasia kwenda majini jioni. Wimbo hauwaiti samaki. Unazifanya kasia ziende pamoja na unawatia watu moyo wa kazi ya usiku. Desturi ndogo ni ya namna hiyo: inakufanyia kazi wewe unayeitenda, haiamrishi ulimwengu. Siku utakapoanza kuamini kwamba usipovuta kufuli mara mbili mteja hatakuja kesho, mama mkwe atakuwa na haki ya kukukemea. Na kama unasali asubuhi au jioni, usiigeuze sala kuwa mbinu ya kulala usingizi. Iache mahali pake, na ukitaka, shikiza desturi yako baada ya «amina», maana neno hilo halikosekani.

Sasa tuje dukani. Ningeanza hapo kabla ya mahali pengine popote, kwa sababu ndipo madeni yanapoanzia safari ya kukufuata nyumbani.

Mlango ukiwa umerudishwa nusu na msaidizi wako akiwa bado ndani, hesabu pesa: falanga upande mmoja, dola upande mwingine. Usihesabu mlango ukiwa wazi wala nje. Hilo ni suala la usalama. Fungua daftari, andika mistari mitatu tu. Wa kwanza: kilichoingia leo. Wa pili: nani amechukua kwa deni, kiasi gani, na siku aliyoahidi kulipa. Wa tatu: kazi ya kwanza ya kesho. Funga daftari na uliweke palepale unapoliweka kila siku. Kitenge unachojifunga ukiwa kazini, kivue, kikunje, kitundike kwenye msumari wake. Usiende nacho nyumbani. Toka, funga kufuli, livute mara mbili, kisha useme kwa sauti ya kusikika: «Nimefunga.» Simama hapohapo, uvute pumzi sita za polepole: ingiza kwa kuhesabu hadi nne, toa kwa kuhesabu hadi sita. Pumzi moja ni kama sekunde kumi, kwa hiyo sita ni dakika moja. Halafu ndipo umwite motari.

Kila kipande kina sababu yake. Mkono uliozoea kufuli hulifunga bila akili kuwapo, ndiyo maana mtu hufika nusu ya njia akajiuliza kama kweli amefunga. Neno linalotamkwa huileta akili pale mkono ulipo na kuacha kumbukumbu. Waendeshaji wa treni wa Japani hufundishwa kunyooshea kidole kila ishara na kuitaja kwa sauti, kwa sababu hiyohiyo. Kitenge kinachobaki dukani ni alama ambayo ngozi yenyewe inaitambua. Na kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza mapigo ya moyo. Ukisikia kizunguzungu, unavuta hewa nyingi mno. Pumua kidogo zaidi, si haraka zaidi. Usijaribu zoezi hili ukiwa juu ya pikipiki unashuka mteremko, hapo kazi yako ni kushika vizuri.

Msaidizi atacheka siku za kwanza. Mwache acheke. Wiki ya pili ataanza kukukumbusha yeye.

Hii ndiyo desturi ya mwezi mzima wa kwanza. Usiongeze kitu. Kosa linaloua desturi nyingi ni kuanza tatu kwa mpigo: chai ya asubuhi, daftari la usiku, mazoezi ya mwili, zote Jumatatu ileile. Ikianguka moja, mtu huziacha zote. Na usitegemee zile siku 21 zinazotajwa kila mahali. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amejichagulia kitendo kimoja cha kurudia baada ya jambo la kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kitendo kilichukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea yanayojiendesha. Kwa makadirio yao, mwepesi kuliko wote angehitaji siku 18 na mzito siku 254. Kwa hiyo ukiona wiki ya tano bado unajilazimisha, hujakosea popote. Utafiti huohuo uliona kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu cha maana.

Mwezi wa pili ongeza desturi ya kitandani, na hii nitaieleza kwa urefu, kwa kuwa ndiyo inayogusa swali lako lenyewe. Ni ya beseni na daftari.

Mchana au jioni, wakati makala bado yana moto, chemsha lita moja ya ziada, uimimine kwenye chupa ya chai na uifunge vizuri. Watoto wakishalala, mimina lita hiyo kwenye beseni, uchanganye na lita mbili za maji baridi ya bidoni. Utapata lita tatu za maji yenye joto la nyuzi karibu 40. Pima kwa kiwiko: yawe ya joto la kupendeza, yasichome. Mwenye kisukari au mwenye miguu iliyokufa ganzi asipime kwa mguu hata siku moja, maana anaweza kuungua bila kusikia. Tumbukiza miguu kwa dakika kumi. Lita tatu si nyingi hata kwa anayenunua maji kwa bidoni, na baadaye hufaa kusafishia matope ya mlangoni au kumwagia chooni.

Hii si anasa. Usingizi huja pale joto la ndani ya mwili linaposhuka, na mwili hulitoa joto hilo kupitia mikono na miguu. Miguu ikiwa ya joto, mishipa yake hupanuka na joto hupata njia ya kutokea. Kräuchi na wenzake, huko Uswisi, walichapisha mwaka 1999 kwamba miguu yenye joto ni miongoni mwa dalili bora za mtu atakayesinzia upesi. Katika mji wa milimani wenye usiku wa baridi na mvua kama wako, miguu ya barafu inaweza kukuweka macho kwa muda mrefu huku ukidhani ni mawazo peke yake.

Miguu ikiwa majini, mikono iko huru. Chukua daftari jingine, si lile la duka, uandike kwa dakika tano mambo unayopaswa kufanya kesho na siku zinazofuata. Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, waliwajaribu vijana 57 mwaka 2018: nusu waliandika kabla ya kulala mambo yanayowangoja, nusu waliandika mambo waliyokwisha kuyamaliza. Walioandika yanayowangoja walisinzia mapema zaidi kwa takriban dakika tisa, na kadiri orodha ilivyokuwa na maelezo kamili ndivyo walivyosinzia upesi. Hapo kuna siri ya madeni yako. Ukiandika «madeni» tu, umejiamsha. Andika: «Kesho saa tatu nimpigie mama wa kwaya, dola 15 za vitenge vya sare, akisema hana, nimwombe nusu.» Jambo lililopangiwa saa na hatua, kichwa hakina sababu ya kulishikilia usiku kucha.

Ukimaliza, pangusa miguu, vaa soksi, funga daftari, zima taa. Mwisho ni mwisho, usirudi kuongeza mstari. Ukikumbuka jambo ukiwa umeshalala, andika neno moja gizani na ulale.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. Kama umeme haupo na unatumia mshumaa, usiuwashe kitandani wala karibu na chandarua. Chandarua hushika moto kwa sekunde chache. Tochi ndogo inatosha. Na usiingize mbabula (jiko la makala) chumbani ili upate joto wakati wa kulala, hata makala yakionekana yametulia bila moshi. Hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na huua watu usingizini.

Simu ni adui wa desturi hii kuliko giza. Inaeleweka kwamba umeme ukirudi saa tano usiku lazima uchaji, lakini ichaji sebuleni. Ukiitumia kama saa ya kukuamshia, utaifungua kuangalia saa, utakuta ujumbe wa mteja, na lita zako tatu zitakuwa zimepotea bure. Kahawa nayo iishe mchana. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kama saa tano baada ya kunywa, na chai ya majani inayo pia, ingawa kidogo. Usiku kunywa mchaichai, ile sitroneli ya ua wa nyumba, haina kafeini kabisa.

Asubuhi sina mengi. Usiamke mapema zaidi. Chai unaipika hata hivyo, basi itumie. Bukavu iko juu ya mita 1,460, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi karibu 95, si 100, kwa hiyo majani yanahitaji muda zaidi kutoa rangi na ladha. Yape dakika tano yakiwa yamefunikwa, badala ya tatu. Dakika hizo tano kaa, usisimame kukoroga, usishike simu, tazama nje. Mtoto akija, akae nawe kimya. Si lazima uwe peke yako. Sema tu mapema, nyumba nzima isikie, kwamba chai ikiwa imefunikwa Mama haulizwi soksi ziko wapi. Mwanzoni watauliza, jibu kwa kunyoosha kidole kwenye sufuria.

Siku ukiruka, usilipe. Watu wengi huigeuza desturi kuwa deni: jana sikufanya, leo nifanye mara mbili. Deni likifika la siku tatu, wanafunga hesabu na kuacha. Rudi kesho kwenye kipimo cha kawaida, au hata kile cha chini kabisa: kufuli na neno «nimefunga», basi. Ukiruka mara mbili mfululizo, ndipo uchunguze. Kwa kawaida utakuta jambo ulilolishikizia limebadilika, kwa mfano sasa msaidizi ndiye anayefunga duka. Tafuta jambo jingine la kushikizia, usijilaumu. Uchovu wa kuona kitu kilekile ukikupata, acha mwanzo na mwisho kama vilivyo, badilisha katikati: badala ya pumzi sita, imba ubeti mmoja wa wimbo unaoupenda.

Kuna wakati desturi huwa ugonjwa, na ni vizuri ujue dalili zake. Ukijikuta unarudi kulivuta kufuli tena na tena mpaka «ijisikie sawa», au ukikatizwa unapata hofu kwamba kuna mabaya yatakayowapata watoto, au marudio hayo yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, hiyo si desturi tena. Vivyo hivyo, kama hulali kwa sababu unaota au unaona tena mambo ya kutisha uliyopitia, beseni la maji halitatosha. Hapo Bukavu kuna kituo cha SOSAME kinachoshughulika na afya ya akili. Kwenda kule si kuitwa kichaa.

Mwisho, safari. Ukipanda boti kwenda Goma kufuata bidhaa, au ukilala kwa dada yako wakati wa msiba, beba daftari la usiku peke yake na uandike zile dakika tano popote utakapolala. Maji, chai na kufuli viruke bila hofu. Ukirudi, anza tena siku ya kwanza utakayofunga duka, hata kama imepita wiki nzima.